Unga wa ngozi ya chura kwenye kidonda cha sukari: nisaidieni maneno ya kumwambia mama mkubwa

Hadubini (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Jumapili nilikwenda Chamwino kumjulia hali mama mkubwa. Ana sukari, huu mwaka wa kumi, na tangu Agosti ana kidonda chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto. Nikamfungua bandeji nimsafishe, nakuta kidonda kimejazwa unga wa kijivu. Nikadhani majivu. "Siyo majivu, ni chura," akanijibu bila wasiwasi wowote. Amenunua mnadani, kikopo shilingi elfu kumi. Muuzaji alimwonyesha na video kwenye simu: mzungu mwenye koti jeupe ameshika chura, juu yake wamebandika sauti ya Kiswahili inayosema wazungu wameificha siri hii miaka thelathini na kitu.

Kazi yangu ni maabara. Naotesha usaha na mikojo ya watu, naangalia dawa gani inaua kimelea gani. Kwa hiyo wa kwanza kucheka nilipaswa kuwa mimi, na sikucheka. Kilichoniudhi ni kwamba nusu ya video ile ni kweli.

Mwaka 1987 daktari mmoja wa Marekani, Michael Zasloff, alikuwa akifuga vyura wa Afrika Kusini, wale wenye kucha, Xenopus laevis, kwa ajili ya mayai yao. Anapasua tumbo, anatoa mayai, anashona, anamrudisha chura kwenye tangi. Maji ya tangi yamejaa bakteria. Mimi na wewe tukishonwa tumbo halafu tutupwe kwenye lambo la ng'ombe, wiki haiishi tunazikwa. Vyura wale walipona, mshono unafunga hauna usaha. Akaacha alichokuwa akikifanya, akahamia kwenye ngozi. Humo akatoa vitu viwili vinavyofanana, kila kimoja kina asidi amino 23 tu, akaviita magainini, kutoka neno la Kiebrania lenye maana ya ngao.

Hizo ndizo peptidi. Chukulia protini ni mkufu wenye shanga mamia, kila shanga ni asidi amino moja. Peptidi ni kipande kifupi cha mkufu. Na si mgeni kwetu: insulini anayojidunga mama mkubwa ina shanga 51, oksitosini wanayochomwa kina mama leba ina 9. Chura anazo kwenye tezi ndogo zilizotapakaa chini ya ngozi. Akishtuka au akiumizwa, misuli inayozunguka tezi inabana, ute unatoka.

Zinauaje? Utando wa nje wa bakteria una chaji hasi nyingi. Peptidi hizi zina chaji chanya, kwa hiyo zinavutwa pale, zinajilaza juu ya utando, kisha zinautoboa. Bakteria anabaki kama kiroba kilichotobolewa, vya ndani vinamwagika. Seli zetu nje hazina chaji kubwa namna hiyo, na zina kolesteroli inayoimarisha utando, ndiyo maana kwa kiasi kidogo zinasalimika. Uzuri mwingine ni huu: antibayotiki nyingi zinalenga sehemu moja, bakteria akibadilisha sehemu hiyo kesho dawa haifanyi kazi. Hapa itabidi abadilishe utando mzima, sawa na mtu kubomoa nyumba kwa sababu ya kitasa. Si kwamba hawezi kabisa, ila inamgharimu. Sisi tunaoona kila siku sahani za maabara zenye bakteria wasiosikia dawa, habari kama hii inatutoa udenda. Mwaka 2019 peke yake, duniani, vifo milioni 1.27 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo mwenye video hakuisema. Walichukua magainini wakaitengeneza upya kidogo, ikaitwa peksiganani, wakaifanya krimu. Walitaka kutibu nini? Vidonda vya miguu vya wagonjwa wa sukari vilivyoingia maambukizi! Kidonda kile kile cha mama mkubwa. Wakailinganisha na vidonge vya antibayotiki ya ofloksasini, ndugu wa sipro, kwa wagonjwa zaidi ya 800. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaikataa, kwa sababu haikuonyesha kuzidi dawa zilizokuwepo. Kampuni nyingine ikaifufua, ikajaribu tena, na 2016 ikashindwa hata kuipita krimu isiyo na dawa ndani.

Kosa langu ni kwamba nilimweleza mama mkubwa yote haya nikianza na sehemu ya kwanza. Akanikatisha: "Si umesema mwenyewe ni kweli?" Sasa hataki kuacha. Nisaidieni, mtu wa namna hii anaambiwaje?

---

Siti ya Mbele

Nimefika mapema, karanga za Kongwa mkononi. Wajuvi karibuni.

---

Fursa Daima

Mkuu umetisha. Swali la haraka: chura mmoja anatoa gramu ngapi? Hapa Nzuguni mvua ikinyesha naokota ndoo nzima usiku mmoja. Kama kuna kampuni inanunua nipe namba, hii bora kuliko ile biashara ya kware.

---

Hadubini

Fursa Daima, kware tu walitutosha. Hakuna kampuni inayohitaji ndoo yako. Wakishajua shanga zimepangwaje, mashine inaunganisha moja moja hadi mkufu unakamilika, chura hahusiki tena. Hata mtafiti anayetaka ute haui chura. Anamchoma homoni ya mshtuko kidogo au anampitishia umeme hafifu, ngozi inatoa ute, anamsuuza na maji, anakusanya yale maji, anamwachia aende zake.

---

Binti Nkuhungu

Jamani mimi chura namwogopa toka utotoni, tuliambiwa ukimshika unaota chunjua. Mwaka jana mafuriko ya huku kwetu yaliwaleta hadi sebuleni. Mbwa wetu akamng'ata mmoja, akatoa mapovu, akaanza kutetemeka, tukajua amekwenda. Hizo ndizo peptidi mnazosifia?

---

Dokta wa Ng'ombe

Dada, hapana. Huyo wa sebuleni ni yule mwenye ngozi kavu ya mabaka na vinundu viwili vikubwa nyuma ya macho. Sumu yake inatoka kwenye vile vinundu, na si peptidi, ni kundi jingine linalofanana na dawa za moyo: mapigo yanavurugika. Siku nyingine mbwa suuza mdomo kwa maji mengi, kichwa kikiinama asije akayameza, halafu mlete kwa mganga wa mifugo upesi. Chunjua ni kirusi, chura anasingiziwa.

Na watu wanachanganya kitu kingine. Vyura wadogo wa rangi kali wa Amerika ya Kusini, wale ambao watu wa msituni wanapaka sumu yao kwenye mishale, sumu ile ni alkaloidi, wanaipata kwa kula sisimizi na utitiri. Wafuge ukiwalisha chakula kingine, sumu haipo. Peptidi ni tofauti: chura anazitengeneza mwenyewe, maelekezo yapo kwenye jeni zake.

---

Mtu wa Kati

Kuna peptidi ya chura mmoja wa Amerika ya Kusini inaitwa dermofini, inaondoa maumivu kuliko mofini mara 30 hadi 40. Mwaka 2012 Marekani walikamata farasi wa mashindano zaidi ya 30 wamechomwa hiyo kitu. Farasi ana mguu mbovu lakini anakimbia tu, hausikii. Binadamu hashindwi.

---

Hadubini

Mtu wa Kati umegusa penyewe. Dermofini ina maajabu mengine. Asidi amino zina sura mbili, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Mwili wa mnyama hujenga protini kwa zile za kushoto tu, ndivyo tulivyofundishwa wote. Ndani ya dermofini, shanga ya pili ni ya kulia. Ukiibadilisha ukaweka ya kushoto, nguvu yote inapotea. Mwaka 1981 jambo hilo liliwashangaza wengi.

---

Chaki Nyeupe

Nafundisha baiolojia, niruhusuni kuingilia. Mmekimbilia Marekani na Amerika ya Kusini wakati chura mwenye hadithi nzuri kuliko wote analia hapa hapa.

Mvua za kwanza zikishanyesha, jioni nenda kwenye lambo lolote lenye majani pembeni. Utasikia "kwop!" moja, kimya, halafu "kwop!" nyingine upande wa pili, kama mtu anazibua chupa gizani. Huyo kitaalamu ni Kassina senegalensis. Jina linasema Senegali lakini yupo savana yote mpaka Afrika Kusini. Mdogo, rangi ya udongo, ana michirizi meusi mgongoni, na haruki kama wenzake, anatembea na kukimbia.

Alikuwepo mtaalamu wa dawa wa Italia, Vittorio Erspamer, aliyezaliwa 1909 na kufariki 1999. Ndiye aliyegundua kemikali ambayo baadaye dunia ikaiita serotonini. Mzee yule maisha yake yote alichunguza ngozi za vyura wa kila bara. Kwa chura wa kijani wa Australia alitoa seruleini, inayofanya mfuko wa nyongo ubane. Ikatumika hospitalini kwenye picha za nyongo. Kwa chura wa Ulaya mwenye tumbo jekundu akatoa bombesini. Na mwaka 1977 yeye na wenzake wakatoa kwa huyu wetu wa "kwop" peptidi ya shanga 12. Wakaiita kassinini. Inakaza misuli ya utumbo na kushusha presha.

Utauliza inatusaidia nini. Erspamer alikuwa na imani moja: kilichopo kwenye ngozi ya chura, kitafute kwenye utumbo na ubongo wa mnyama, utakikuta ndugu yake. Watu walimwona mzee wa vyura. Mwaka 1983 Wajapani, wakichunguza uti wa mgongo wa nguruwe, wakakuta peptidi mbili zinazofanana na kassinini. Leo zinaitwa neurokinini A na B, na sisi wote tunazo. Hiyo B iko kwenye sehemu ya ubongo inayopanga joto la mwili. Mwanamke anapokoma hedhi homoni zikishuka, sehemu ile inachachamaa, ndiyo ule moto unaopanda usoni ghafla usiku. Mwaka 2023 Marekani ikaidhinisha kidonge kinaitwa fezolinetanti, kinachoziba mlango ambao neurokinini B inapitia. Ndani ya kidonge hamna chura hata chembe. Lakini huyo wa lamboni alishaitengeneza peptidi ya ukoo huo sisi tukiwa hatujui kama tunayo.

---

Binti Nkuhungu

Mwalimu hapo kwenye moto wa usiku mama yangu amesoma mara mbili 😂

---

Mzee wa Alizeti

Mbukwa wote. Mimi ni mkulima, Bahi. Huyo wa chupa namjua, sikujua kama ana jina la heshima hivyo. Huku mvua ya kwanza ikinyesha hata saa tatu hazipiti, korongo lililokuwa mchanga mtupu miezi saba linapiga kelele zima. Wanatoka ardhini. Na wengine utaona wametundika povu jeupe kwenye matawi juu ya maji, ukiguza ni mayai. Tukiwa wadogo bibi alitukataza kuua chura msimu ukianza, anasema utafunga mvua. Sababu yake siwezi kuitetea hapa mbele ya walimu, lakini hatukuua.

Swali: kama ngozi yake ina dawa kali namna hii, kwa nini vyura wenyewe wanakufa? Nilisikia habari za yule wa Kihansi.

---

Chaki Nyeupe

Mzee shikamoo. Swali zuri kuliko langu lolote la mtihani. Yule wa Kihansi aliishi sehemu moja tu duniani, kwenye manyunyu ya maporomoko ya Udzungwa. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua. Kisha 2003 ikaonekana kuvu ya ngozi ya vyura, ile ambayo imeangamiza vyura mabara mengi. Mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Bahati wachache, 499, walikuwa wameshapelekwa Marekani tangu 2000. Wakazaliana huko, wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 2010, na 2012 wakaanza kuachiwa tena bondeni.

Peptidi za ngozi ni kinga ya kwanza dhidi ya kuvu hiyo, imeshapimwa maabara, zinaiua. Lakini kila aina ina za kwake, nyingine kali nyingine dhaifu. Mchanganyiko wa ukoo mmoja unaweza usifanane kabisa na wa jirani yake lambo hilo hilo.

---

Sauti ya Nyika

Mnasifia tu. Wazungu wanachukua chura wetu, wanapata vidonge vya mamilioni, sisi tunabaki na kelele za chura. Huo ndio wizi muuzaji wa mnadani alikuwa anausema.

---

Dokta wa Ng'ombe

Hasira yako ina msingi, muuzaji hana. Chura mmoja wa Ekuado aliwapa Wamarekani epibatidini, kali kuliko mofini mara 200, na ugomvi wa nani alistahili nini ulikuwa mkubwa. Mambo kama hayo ndiyo yalizaa Itifaki ya Nagoya mwaka 2010, kwamba ukichukua kiumbe cha nchi ya watu ukapata faida, mgawane. Huku kwetu mtafiti wa nje hakusanyi wanyama hivi hivi, anapita COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Epibatidini yenyewe haikuwahi kuwa dawa, kiasi kinachoua kinakaribiana sana na kile kinachoondoa maumivu.

Lakini turudi kwa mgonjwa. Hadubini, huo unga unao? Una sahani, una bakteria, unabishana na nini? Upime.

---

Siti ya Mbele

Hapo sasa. Karanga zimeisha, naagiza nyingine.

---

Hadubini

Sijui kwa nini hilo halikuniingia akilini mwenyewe. Kikopo ninacho, nilikiiba nikiondoka. Nikiruhusiwa na mkubwa wangu wa kitengo narudi na jibu.

---

Fursa Daima

Mkuu wakati tunasubiri, tuseme mtu akila chura mzima mbichi, peptidi si zinaingia mwilini?

---

Chaki Nyeupe

Kwa nini insulini inachomwa na hainywewi? Tumbo lako ni mashine ya kukata mikufu, haliulizi mkufu umetoka kwa chura au maharage. Hata kwenye kidonda kuna vimeng'enya vya kukata, ni mojawapo ya matatizo ya dawa hizi. Ukiongeza kiasi kufidia, nyingine zinaanza kupasua chembe nyekundu za damu. Na kuzitengeneza ni ghali.

---

Hadubini

Wakuu, nimerudi. Ruhusa ilipatikana, kwa masharti nitumie sahani zilizokaribia kuisha muda.

Nilifanya hivi. Sahani ya kwanza nikaipaka bakteria aitwaye Staphylococcus aureus ambaye ni wa kawaida kwenye vidonda. Nikaweka karatasi tatu za duara: moja ya antibayotiki tunayoitumia kila siku, moja nimeichovya kwenye unga wa chura uliokorogwa na maji safi, moja maji matupu. Sahani ya pili sikupaka kitu, nikanyunyizia unga wenyewe tu, nione una nini. Zikalala kwenye joto la nyuzi 37.

Asubuhi: kuzunguka antibayotiki kuna duara safi, unaona hadi meza. Kuzunguka maji hakuna kitu, kama ilivyotakiwa. Kuzunguka unga hakuna duara, na bakteria wameota hadi ukingoni mwa karatasi, tena wamechanganyika na wa rangi nyingine ambao mimi sikuwapaka.

Sahani ya pili imejaa. Sahani nzima, kuanzia katikati hadi ukutani. Nikapaka kwenye kioo nikaangalia: bakteria wa umbo la vijiti tele, wa kundi tunaloliita Gram hasi. Sikuendelea kutafuta majina yao, kazi ya wagonjwa ilikuwa inanisubiri. Chura anabeba vimelea vya kila aina, Salmonela akiwemo, na huyu ameanikwa juani sijui wapi, ametwangwa kwenye kinu sijui cha nani.

Kuwa mkweli, hii haithibitishi kwamba chura wa Tanzania hana peptidi. Pengine alikuwa nazo zikaharibika alipoanikwa. Pengine si chura. Nimepima kikopo kimoja cha elfu kumi.

---

Dokta wa Ng'ombe

Ndiyo kipimo kilichohitajika. Mama mkubwa je?

---

Hadubini

Jumamosi nilikwenda na picha za sahani kwenye simu. Safari hii sikufungua mdomo kuhusu Zasloff wala nani. Nikamwekea simu mkononi, nikamwambia upande huu ni dawa ya hospitali, upande huu ni ya mnadani. Akaikuza ile picha kwa vidole, akaangalia muda mrefu. Akauliza, "Na hawa weupe weupe wote wamo mguuni kwangu?" Nikamwambia sijui, ndiyo maana nataka tukapime.

Tulikwenda Jumatatu. Wamekwangua nyama iliyokufa, mfupa haujaguswa, kidole kipo. Usaha nimeuotesha mwenyewe na jibu lilitoka na dawa mbili zinazofanya kazi. Anasafishwa kila siku ya pili, na wamempa viatu vya wazi visivyobana. Hasira zake zote sasa ziko kwa muuzaji, anadai elfu kumi yake.

---

Fursa Daima

Kwa hiyo ndoo yangu niimwage?

---

Hadubini

Imwage taratibu, pembeni mwa maji.

---

Mzee wa Alizeti

Jana usiku imenyesha Bahi. Mwalimu, yule wa chupa ameanza. Nimehesabu watatu, mmoja yuko karibu kabisa na choo.